Nusu ya Kidonge

Kwa wembe mpya, juu ya sahani ya bati,
nakata kidonge katikati.
Dawa yenyewe humo haizidi chembe mbili za chumvi,
iliyobaki ni unga wa kuishika vidoleni.
Kikivunjika vibaya, upande mmoja mnene, nakitupa.
Nesi Ndeshimuni alisema neno moja tu:
usikisie.

Ikipungua, moyo wa mama unakimbia ovyo
kama mbuzi aliyekata kamba.
Ikizidi, unasahau zamu yake.
Kati ya hayo mawili pana njia
nyembamba kama ukingo wa mfereji
tunaopita hapa Kibosho kwenda migombani,
mguu mbele ya mguu, debe kichwani.

Mwezi wa sita, baridi kali, kaka Eliakimu alikuja kutoka Arusha.
Huamka mapema yule. Akampa mama nusu, alfajiri.
Mimi nikirudi soko la Mbuyuni nikampa nusu, jioni.
Siku tisa.
Kila mmoja akimpenda kwa wakati wake,
hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kwanza alikataa mtori. Tukasema, uzee.
Akatapika chai. Tukasema, maziwa yamelala.
Siku ya tisa Kibo ilijitoa mawinguni,
naye barazani akauliza, taratibu,
kama mtu anayeuliza bei:
"Nani ameimwagia binzari ile theluji?"

Hospitalini, mjini Moshi, kila taa ilivaa pete ya manjano.
Koti la daktari, manjano. Meno yangu pia, alisema.
Mapigo arobaini na mbili.
Daktari hakuongeza dawa. Aliandika: ACHA.
Halafu tukasubiri figo za mwanamke wa miaka sabini na sita
zichuje, tone kwa tone,
upendo wetu wa ziada.

Sasa daftari linaning'inia jikoni kwenye msumari.
Jaladani bado pameandikwa Kilawe, Darasa la Pili, Hisabati.
Ndani: tarehe, saa, mapigo, nani kampa.
Nashika kifundo cha mkono wake dakika nzima,
macho kwenye mshale wa saa ya ukutani.
Chini ya sitini, hapewi; napiga simu kwanza.
Eliakimu naye, kila Jumapili,
haulizi tena "Amekula?"
Anauliza, "Ngapi?"

Leo sitini na nane.
Na theluji, mama?
"Nyeupe," anasema.
"Ila imepungua."