Aliyepangiwa Uadui

Mimi nilikuwa wa jenereta.
Kazi yangu kuvuta kamba, kumimina petroli,
kufukuza watoto wasikalie waya.
Mwaka ule wa vita tulipanda Newala na Landrova ya Habari:
shuka jeupe, projekta, mkebe mmoja wa filamu,
dakika kumi na tisa za vijana wakifunzwa ujeshi.
Bwana Likwata aliijua kama Alhamdu.

Ilianza na kunyoa. Nywele zinaanguka, kiwanja kinacheka.
Kisha mguu pande, mguu sawa,
kisha ukuta wa magogo, matope, kamba,
na mtangazaji, sauti nzito kama ugali wa muhogo,
akiapa hakuna atakayewaweza.
Halafu shambulio.
Na shambulio linataka adui,
na kambini adui hayupo.
Likwata, aliyeshika miguu ya kamera siku ile, alinihadithia:
walihesabiwa kumi, wakaambiwa geuzeni mashati,
pandeni kichuguu kile,
mkisikia filimbi, mfe.

Chilangala, uwanja wa shule.
Watu wamejaa hata nyuma ya shuka,
kule ambako jeshi zima hupiga saluti kwa mkono wa kushoto.
Walipotokea wale wa kichuguuni
kiwanja kikasimama:
Ua! Ua! Mbwa hao!
Bibo la korosho likaruka, likapasuka shukani,
likaacha doa shavuni mwa mmoja wao.

Somoe Nandonde hakusimama.
Alikuwa ametoka bondeni na ndoo,
na maji ya bondeni huyaweki chini penye watoto,
ameipakata.
Akasema, wala si kwa nguvu:
"Huyo Dadi."

Nyamaza, mama, huyo adui.

"Adui gani, na kovu la goti hilo nimelikanda mwenyewe?
Adui gani anaangukia ubavu, mkono sikioni,
vilevile alivyodondoka mkorosho wa kina Chiwalo?"

Kweli alianguka hivyo.
Alikufa vizuri kuliko wenzake tisa.
Kisha, amelala, mabuti yanamruka,
meno yakamtoka.

"Mnaona? Anacheka!
Tangu utoto huyu, kila kombolela
anakamatwa kwa kicheko."

Uwanja ukapoa.
Aliyerusha bibo akaja mbele, kijana mrefu,
akafuta shuka kwa mkono wa shati.
Doa likatanuka.

"Rudisha," alisema Somoe.
Likwata akamjibu filamu huenda mbele tu, mama,
na petroli ya serikali ina hesabu.
Mwenye petroli ni mimi.
Nilijua zimebaki lita mbili na nusu.
Nikakunja kamba yangu.

Mnyambe wakamzomea. Kitangari wakamzomea.
Mahuta filamu ikakatika palepale, juu ya kifo chake;
Likwata akakata kipande cha vidole vinne, akaunga,
akanitupia: "Kachezee."

Redio ikaja kusema vita vimekwisha.
Malori yakashusha vijana stendi, mmoja na kasuku begani.
Dadi hakuwemo,
wala jina lake halikuwemo katika karatasi yoyote,
ya wazima wala ya wale wengine.

Nilipanda tena kwa baiskeli ya kuazima,
kipande kimefungwa kwenye karatasi ya sigara.
Somoe alikuwa anabangua korosho, viganja vimeungua utomvu.
Akasugua vidole kwa majivu,
akakishika kwa kucha,
akakiinua juani.

Picha tisa, kila moja sawa na punje ya hindi.
Alizipitia polepole, jicho moja amelifumba,
mdomo ukihesabu.
"Hapa bado," akasema.
"Hapa bado.
Hii. Hii ndiyo anaanza."

Nilisubiri alie. Hakulia.
Alikichomeka kwenye pindo la kanga, akafunga fundo,
akarudi kwenye kikaango chake,
na bila kuniangalia akaniuliza
lita moja ya petroli, siku zile,
ilikuwa shilingi ngapi.