Kadiria Idadi

Ukurasa wa nne, swali la kumi na moja:
kadiria idadi ya viumbe vitakavyodhurika.
Kisanduku chenyewe hakitoshi hata jina langu,
na kalamu imekaa juu yake tangu saa tatu asubuhi.

Kiwanja ni robo ekari ya Florida, mchanga mweupe kama chumvi.
Baba alikinunua kwa posta mwaka sabini na nne,
dola kumi na tano kwa mwezi, bila kukiona,
kwa mshahara wa kiwanda cha matairi kule Akron,
akafa na ramani yake ndani ya Biblia.
Sasa Mama ana magoti mabovu
na ngazi kumi na tisa zisizo zake.
Nataka kumjengea vyumba viwili, vya chini,
mlango mpana upitishe kiti cha magurudumu, siku ikifika.
Hakuna haramu hapo. Sheria yenyewe inasema hakuna.

Ila Bi Yadira Quintero alikuja na darubini,
akapiga mlio wa kurekodi, mara tatu,
kuelekea mialoni mifupi isiyonifika kifuani,
na wakaja.
Samawati, mgongo wa kijivu, jamaa za kunguru.
Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake;
huyu alitua juu ya kofia yangu
akanidonoa kama anayebisha hodi.

"Aliye juu ni mlinzi wa zamu," akanong'ona.
"Wale wawili ni watoto wa mwaka jana.
Hawakuhama. Wanasaidia kulea wadogo zao."
Nikamkumbuka dada yangu Corliss,
aliyeahirisha harusi hadi nimalize shule.
Njugu za mwaloni wanazizika mchangani, maelfu,
na wanajua zilipo.
Mimi siku hiyo nilifungia funguo ndani ya gari.

Ukurasa wa sita: taja njia mbadala,
ikiwemo kutofanya lolote. Eleza kwa nini haifai.
Niliandika: Mama.
Nikafuta. Nikaandika: haikidhi mahitaji ya mwombaji.

Ukurasa wa saba ni wa fidia.
Nitalipa, na maili arobaini kutoka hapa
watachoma kichaka kwa utaratibu
ili ndege wengine, nisiowajua, wapate pa kuzika njugu.

Nikampigia afisa, Bi Ostrander. Mpole, ana mafua.
"Kibali hakikuruhusu kuua, bwana.
Kinakuruhusu kujenga, ikitokea kwamba..."
Akapiga chafya. Sentensi hakuimalizia,
nami sikumwomba.

Saa saba. Mama anaita kutoka jikoni:
"Hizo karatasi bado tu?"
Bado, Mama.

Fomu inauliza viumbe, vingapi.
Naanza na v, naikata.
Naandika kwa herufi, siyo tarakimu: watano.
Hazikutosha.
Tatu za mwisho zimeangukia nje ya mstari.