Risiti ya Barabara ya Luthuli

Aliingia dukani Jumanne, Julai, baridi ya kuuma vidole,
na karatasi iliyokunjwa mara nne kama hirizi:
paneli themanini, betri ishirini na nne, inveta tatu,
na nyaya, urefu wake ameupima kwa hatua
kutoka paa la hospitali hadi chumba cha kujifungulia.
"Natoka Mwali," akasema. Nikadhani ni jina la mtaa.

Kumbe ni kisiwa, huko Komoro, kidogo kuliko vyote.
Bi Moinaecha, mhandisi,
koti la Gikomba alilonunua asubuhi ile
bado lina pini begani.
"Watu wetu wote," akasema, "wa visiwa vyote vitatu,
tukihamia Embakasi kesho
bado zitabaki nyumba za kupangisha."
Mutuku, tajiri wangu, akacheka hadi kikokotoo kikamponyoka.
Yeye hakucheka.
"Nchi ndogo haina mlango wa nyuma.
Meli ya dizeli ikichelewa, tunachelewa sote:
barafu ya samaki, redio, chanjo,
na mtoto aliyekuwa njiani."

Kiswahili chake kilikuwa na chumvi nisiyoizoea,
maneno yetu yamevaa nguo za kwao.
Lakini alipotamka *jua*
sikumwomba arudie.

Tulikuwa kwenye betri ya kumi na moja
stima ikapotea.
Spika zilizokuwa zikigombana mlango kwa mlango
zikanyamaza katikati ya neno.
"Nasimiyu, washa!"
Nikavuta kamba ya jenereta, mara moja, mbili, ya tatu ikakohoa,
moshi ukaingia kabla ya mwanga.
Na paneli zetu mia mbili zimelala ndani ya maboksi,
zimepeana migongo kama watu waliokosana.
Bi Moinaecha akafunika pua kwa ncha ya shiromani.
"Mwanangu," akasema,
"unauza jua, unanunua moshi?"

Bei zote ninazo kichwani. Jibu sikuwa nalo.

Nikabeba paneli moja, tukapanda ngazi kwa kupapasa
hadi juu, kwenye matangi ya maji na shuka za watu.
Mawingu yalikuwa mazito kama uji wa wimbi.
Nikaunganisha kipima-volti: kumi na tisa nukta mbili.
"Na mawingu haya?"
"Na mawingu haya."
Akaiwekea paneli kiganja
kama mtu anayepima homa ya mtoto, akakaa hivyo muda.
Chini yetu jiji kubwa lilikuwa linakohoa,
kila duka na kifua chake.

Usiku ule, Kayole, tokeni zilikwisha nikisonga ugali.
Nikala kwa tochi ya simu, mimi, fundi wa sola.
Mganga hajigangi, walisema waliotutangulia,
lakini wao hawakuwa wanalipa kodi ya nyumba.

Mzigo uliondoka Agosti. Nilifunga kila boksi mwenyewe,
nikaandika JUU kwa kalamu nyekundu, na mshale,
kana kwamba baharini kuna mtu wa kusoma.

Halafu kimya. Septemba. Oktoba.
Mvua za vuli zikaja, gari likagonga mlingoti pale kona,
nikavuta ile kamba siku tatu mfululizo.

Novemba, ujumbe wa sauti, namba nisiyoifahamu.
Sekunde arobaini, hakuna anayesema.
Mara ya kwanza nilidhani umeharibika.
Mara ya pili nikasikia chura,
maji yakimiminwa kwenye beseni,
kichanga kinalia, kinapata titi, kinanyamaza.
Mara ya tatu ndipo nikasikia kisichokuwepo:
hakuna injini. Popote. Sekunde zote arobaini.

"Unasikiliza nini siku nzima?" Mutuku akauliza
kwa sauti ya juu, ili aishinde jenereta.
"Risiti," nikamwambia.
Akanyoosha mkono aipokee,
aitoboe,
aitie kwenye faili.