Pono Wawili kwa Mkopo

Wamerudi kwa ndege, kwa mkopo wa miezi sita,
pono wawili, kila mmoja na chupa yake.
Uwanjani afisa wa ushuru aliuliza: wa kuliwa?
Nikamwambia, wa kusomwa.
Akagonga muhuri huku anacheka:
basi hao wamevunda kitambo.

Hawajavunda. Wamepauka.
Miaka mia na hamsini na kitu ndani ya spiriti
imewafua hadi wote wawili
wamekuwa rangi ya kucha.
Sasa lebo ndiyo inayowatenga:
huyu jina lake la Kilatini lasema "wa kutu",
yule lake lasema "wa kasuku".
Chini yake, kwa wino uliokwisha kuwa kahawia:
L. Quandt, Mzizima, 1869.

Alipanga nyumba ya mawe isiyo na paa upande mmoja.
Mji ulikuwa ndio kwanza unajengwa,
matumbawe yakichomwa chokaa usiku na mchana,
na moshi wake, asema, ulimliza kama mfiwa.
Daftari lake ninalo, kurasa zimepigwa picha.
Anahesabu.
Miiba ya mgongo tisa. Vijiti laini kumi.
Magamba ya ubavuni anayarudia mara mbili,
mara ya pili mshumaa umebaki kisigino.
Sijamkuta na kosa la hesabu,
nami nimemtafutia, kusema kweli, kwa inda.

Ukurasa wa thelathini na moja, pembezoni:
"Mpishi adai hawa ni mtu na mkewe."
Jina la mpishi hakuliandika hapo.
Liko kwingine, kwenye matumizi ya nyumba,
kati ya mkaa na ndimu:
Mwanashungi, pesa nane.
Nadhani ndiye.
Mikono iliyopasua pono tangu haijaota nguvu,
ikakuta mayai kwa wa kutu, msimu kwa msimu,
na kwa yule wa buluu na kijani
isikute yai hata siku moja.
Hiyo nayo ni hesabu. Haikuwa na jedwali.

Quandt akapiga mstari chini ya "adai",
akaziba chupa kwa nta.
Mtu na mkewe wakapanda meli
wameachishwa kwa Kilatini, bila kadhi.

Ningependa kuishia hapa, Mwanashungi ameshinda.

Lakini juzi, kwa kibali chenye sahihi tatu,
nilimpasua wa kasuku upenyo wa sentimita moja.
Ndani ya korodani zake
kuna uwazi, mwembamba kama uzi uliochomolewa:
palikuwa na mfuko wa mayai.
Huyu mume aliwahi kuwa mke.
Aliishi na kutu yake, akataga,
hata dume wa mwamba ule alipotoweka
akavaa buluu, akashika eneo.
Hili Mwanashungi hakulijua,
na neno lake pono nalo ni kapu,
limebeba samaki wa aina nyingi wasiojuana.
Kila mmoja alishika mkia wa jambo.

Sasa nina fomu ya kujaza.
Rangi akiwa hai: pameachwa wazi tangu enzi hizo.
Alfajiri nikaenda Feri.
Nikamchagua mmoja wa kutu, jicho bado limelowa.
Mama aliyekaa nyuma ya meza ya saruji
akauliza, nikuparie?
Nikasema acha magamba, acha matumbo, acha vyote.
Akanitazama kama mtu asiye na jiko.

"Ana mayai huyu," akasema,
akambonyeza tumbo kwa kidole gumba
bila hata kuangalia,
anarudisha chenji kwa mkono wa pili.

Nikatoa kalamu, nikamwuliza jina lake.
Akadhani mimi ni wa manispaa.