Tandiko la Kanali

Babu yangu, arap Birech, alikuwa saisi huko Rongai
wa kanali mmoja aliyezeekea vitani, karne ya kumi na tisa,
goti la kushoto limekakamaa kama mlango uliovimba kwa mvua.

Kwa watu alikuwa na maneno matatu: njoo, nenda, pumbavu.
Kwa farasi alinong'ona hadi taa ikaisha mafuta.

Alikuwa na daftari. Farasi arobaini na mmoja,
kila mmoja na mama yake, baba yake, rangi, na alipofia:
huyu jangwani kwa kiu, huyu kwa risasi, mtoni,
"nikiwa juu yake."
Babu yumo ukurasa wa mwisho:
Saisi. Rupia nne.

Mwaka ule mvua ilipokataa kukoma
ugonjwa ukashuka na ukungu wa Menengai.
Povu puani, wakaanguka watano usiku mmoja.
Akabaki jike mwekundu, Zuhura,
na kanali asiyeweza tena kukanyaga kikuku.

Basi babu akambeba. Mwepesi, alisema, kama gunia la makapi.
Akamkalisha, akashika hatamu, wakazunguka zizi
asubuhi nzima, mzee akiamrisha jeshi lisilokuwepo:
Mbele! Mbele!
Na babu, pekupeku kwenye umande,
alitembea polepole.

Tandiko tunalo. Kuku wa mama hutagia humo.
Siku za mvua hutoa harufu ya jasho;
la farasi, husema mama.
Mimi nanusa, nanyamaza.