Kilo Zisizoandikwa

Namba kumi na saba, kando ya matete ya Hombolo.
Ndahani kapuliza filimbi; mashudu ya alizeti
nimeyakanda na ugali wa uwele, yananata vidoleni.

Kufikia saa sita, perege wawili,
upana wa kandambili ya mtoto.
Vumbi. Chai ya chupa imepoa.
Jirani yangu Chiloleti kila akivuta anakohoa,
nisije nikakosa kuona.

Saa tisa boya likazama.
Ufito ukapinda, mshipi ukachana maji.
Kambale! Masharubu ya mjomba wa bibi harusi.

Shindano la perege tu.
Mwamuzi alimpima hata hivyo, kwa heshima;
akasoma kilo kwa sauti, kalamu sikioni.

Nikamrudisha.
Akasita kidogo miguuni pangu,
kama aliyesahau kitu,
akaenda.