Safu ya Mwisho

Mimi ni karani wa makontena, ghorofa ya pili, Makupa,
na kwa miaka kumi na tisa nimeweka madaftari mawili:
moja la bosi, la mizigo iingiayo na itokayo,
na moja langu, la wasichana wa mpira wa kikapu
wa Chuo cha Ufundi cha Ganjoni.
Jina. Kimo. Shule alikotoka. Mkono wa kutupia.
Na safu ya mwisho, pana, ambayo sikuipa kichwa.

Wanaonijua huniita mpiga debe.
Si tusi. Debe ninalo kweli, la mafuta ya kupikia,
nalipiga kwa mpini wa mwiko uliovunjika
kila Jumamosi, safu ya juu kabisa, karibu na choo,
hadi refa anitazame kama anayenidai.

Januari ndio mwezi wangu wa homa.
Kocha Mwadime hupanda pikipiki, Mariakani, Voi, Msambweni,
kuwatafuta watoto warefu kabla Nairobi haijawanusa,
nami hukaa na simu mkononi kama mposaji.
Mwaka ule alikuwa Kadzo Nyawa,
futi sita na inchi moja, mkono wa kushoto!
Alikubali. Chai ikanyweka. Kocha akala kuku wa watu.
Jumatatu chuo kikuu cha bara kikaleta barua:
karo yote, chumba, viatu jozi mbili.
Nililifuta jina lake kwa raba hadi karatasi ikatoboka.
Tundu lile lipo hata leo. Ukichungulia
unasoma herufi mbili za mwaka uliofuata.

Nilimchukia mtoto wa watu miezi mitatu.
Mke wangu akaniuliza, kwani ulimzaa wewe?
Nikaomba chumvi.

Safu ya mwisho hujijaza yenyewe, taratibu, bila kocha.
Righa, aliyekuwa akiruka kama katupwa, yuko juu ya kreni bandarini,
anashusha makontena ninayoyaandika.
Hatujawahi kupungiana.
Mwanamkasi: Doha. Kisha sijui.
Zuhura Famau: goti. Kisha ndoa. Kisha goti tena.
Atieno wa Magongo anafundisha hesabu Likoni,
na kivukoni, asubuhi, bado anapenya watu kwa bega lilelile.
Pili Chengo, hapana kitu. Mbele ya jina lake weupe mtupu.

Jana bosi alinituma benki, barabara ya Nkrumah.
Mlangoni mlinzi mwanamke, mrefu, sare ya kahawia,
akanipitishia kile kidude kinacholia:
kifua, kiuno, mfuko wa funguo.
Akasita.
"Debe liko wapi leo?"

Pili. Jezi namba nane. Fainali tuliyofungwa kwa pointi moja:
mtupo wake huru wa pili ulizunguka ringi, ukatoka.
Miaka yote hii nimewasimulia wenzangu ofisini,
na kila nikisimulia mpira unazidi kuzunguka.
Nilikuwa na maneno mengi. Nikasema, habari za kazi.

"Tulikuwa tukilisikia," akasema, "mchezo mzima.
Ule mtupo wa mwisho ukalinyamazisha.
Nikashtuka. Nikageuza jicho kuangalia umepatwa na nini."

Nilikuwa nimemwekea heshima. Nilikuwa nimeziba pumzi.
Nyuma yangu mtu akakohoa, foleni ikanisukuma ndani,
na nilipotoka zamu ilikuwa ya mwingine, kijana,
hata hakuninyanyua mikono.

Usiku nimefungua daftari. Nikaandika: mlinzi, benki.
Nikafuta, polepole, karatasi isitoboke.
Nikaandika: alikuwa akisikia.
Mke wangu akasema zima taa.

Jumamosi yuko mpya, wa Msambweni, kimo chake sijaambiwa.
Akipewa mtupo huru nitapiga.
Refa na anitoe.